Kisima kinanuka petroli, maabara imesema maji safi: uzi wa kuchunguza udongo na maji ya ardhini, Mtwara na Lindi

Mpima Maji Kusini

Wakuu, salaam.

Kuna mdau wa Mtwara mjini kaniandikia pembeni, na kaniruhusu nilete hapa mradi nisitaje mtaa. Kisima chake cha kuchimba kwa mkono kinanuka mafuta tangu masika yalipokatika. Akajaza maji kwenye chupa ya soda, akampa kondakta wa basi la Dar, ndugu yake akaipokea Mbagala na kesho yake akaifikisha maabara. Majibu: benzini haikuonekana. Mwenye sheli ya jirani kapata nakala ya ile karatasi, sasa anaitembeza mtaani kifua mbele.

Karatasi haijasema uongo. Imesema maji ya chupa ile, saa ile ilipofunguliwa, hayakuwa na benzini. Kisima chenyewe bado hakijapimwa.

Benzini ni mojawapo ya kemikali zilizomo ndani ya petroli, na ndiyo inayoogopwa zaidi kwa sababu inasababisha saratani ya damu. Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Sasa kemikali hii haitulii majini, inapenda kuruka hewani. Chupa ya plastiki imejaa robo tatu, imelala kwenye buti la basi lenye joto: benzini inahamia kwenye ile hewa ya juu, na kifuniko kikifunguliwa inaondoka zake.

Kichupa cha kupimia benzini ni cha kioo, mililita 40, kinakuja na matone ya asidi ya haidrokloriki ili pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2 na bakteria wasile kile unachokitafuta. Unamimina taratibu mpaka maji yatune juu ya mdomo, unafunga, unageuza kichwa chini na kugonga kwa kidole. Ukiona kipovu, chukua kichupa kingine, maana cha kwanza ukimwaga asidi imekwenda nayo. Kinaingia kwenye deli lenye barafu, nyuzi 4, na maabara wana siku 14 za kukipima.

Na msitegemee pua. Petroli ina tolueni na wenzake ambao pua huwanasa mapema, lakini benzini yenyewe majini haisikiki mpaka ifike karibu miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kile kiwango cha WHO. Kisima kinachonuka kina tatizo. Kisichonuka, hujui.

Nitashusha kwa vipande. Kazi hii haianzi na chupa, chupa inakuja karibu na mwisho. Mwenye swali aulize.

Kaskazi2

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, uzi bila picha ni kama chai vile.

Mpima Maji Kusini

Picha ya kisima cha mtu mwenye mgogoro na jirani yake siweki, mkuu. Vumilia maandishi.

Siku ya kwanza eneoni natembea na daftari. Nataka kujua kabla ya nyumba hizi palikuwa na nini. Huku kwetu kuna viwanda vya korosho vya miaka ya 1970 vilivyofungwa vikageuzwa maghala, kuna gereji zilizokuwa zikimwaga oili chafu nyuma ya ukuta, jenereta zenye matanki yao, majalala yaliyofukiwa kisha yakauzwa viwanja. Ramani ya mipango miji haionyeshi hayo. Anayejua ni bibi aliyekuwa akiuza maandazi langoni kwa kiwanda. Muulize tanki lilikuwa upande gani, maji ya mvua yalikimbilia wapi, kisima kipi kiliachwa na kwa nini.

Baada ya hapo unachora mchoro wa vitu vitatu: chanzo, njia na mpokeaji. Tanki linavuja, mchanga unapitisha, mtu anachota. Ukishindwa kuonyesha njia, huna kesi hata kama tanki linavuja kweli. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya kuthibitisha au kuvunja mchoro huo. Ninaona watu wananunua vipimo vya laki kadhaa bila mchoro, halafu namba zikija hawajui wazifanyie nini.

Jambo moja la usalama kabla sijaendelea. Mafundi wetu wa visima wana desturi ya kushusha kandili au mshumaa uwakao kupima kama chini kuna hewa. Kwenye kisima kinachonuka petroli, msithubutu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa mle ndani unasubiri moto. Wala mtu asishuke kwa kamba.

Mwana wa Ufukoni

Mdau mwenyewe ni mimi, nimeamua kujitokeza. Asante mkuu. Swali la haraka: tukichemsha hayo maji si inaruka yote?

Mpima Maji Kusini

Inaruka, inaingia kwenye mapafu ya anayechemsha. Maji hayo msipike, msinywe, na msioge ya moto bafuni kumefungwa. Kwa sasa chukueni ya bomba au ya mvua.

Tuje kwenye mwelekeo wa maji, ambao kwangu ndio moyo wa kazi yote. Maji ya ardhini hayajasimama. Yana mteremko wake, na mteremko huo si lazima ufuate barabara wala kiwanja unavyouona kwa macho. Kama sheli iko upande maji yanakoelekea, itavuja mwaka mzima na wewe usipate tone. Kama iko yanakotoka, hata ikiwa mbali jiandae.

Unahitaji visima visivyopungua vitatu, visivyokaa mstari mmoja. Kila kimoja weka alama ya rangi ukingoni, ndipo mahali pa kupimia siku zote. Kama huna tepu ya umeme ile inayolia ikigusa maji, tumia ya chuma: paka chaki ya shule mita ya mwisho, shusha mpaka iingie majini, ishike kwenye alama kwa namba kamili, tuseme mita 6, vuta, soma chaki ilipolowa. Imelowa sentimita 38? Maji yako mita 5.62 chini ya alama. Njia ya kizamani, lakini inasoma mpaka milimita chache.

Kina peke yake hakitoshi, maana ukingo mmoja uko juu kuliko mwingine. Muite fundi ujenzi na mpira wake wa leveli, ule unaoonyesha ndani, ahamishe usawa kutoka alama moja hadi nyingine kwa vipande. Hakikisheni hamna kipovu ndani ya mpira. Chagueni sehemu isiyotikisika, kizingiti cha msikiti kwa mfano, mkiite mita 10.00. Toa, jumlisha, unapata usawa wa maji kwa kila kisima. Pimeni vyote ndani ya saa moja na watu wasichote tangu usiku.

Kisha karatasi. Chukua kisima cha juu na cha chini, viunganishe kwa mstari, tafuta kwenye mstari huo mahali ambapo usawa ungelingana na kisima cha katikati. Unganisha hapo na kisima cha katikati. Maji yanakwenda kwa pembe mraba na mstari huo wa pili, kutoka juu kwenda chini.

Mwana wa Ufukoni

Chaki ipo, fundi yupo. Jumamosi tunapima. Kuna kisima changu, kuna cha jirani upande wa sheli kuelekea baharini, na kingine upande wa bara kwenye uwanja uliokuwa gereji, ilifungwa zamani miaka ya tisini huko.

Mama Korosho

Mwanangu hongera kwa kazi. Sisi huku Newala kisima hatukijui, maji yetu ni ya bomba la mradi au ya mvua, bonde liko mbali. Nataka kuuliza habari za udongo. Tunapulizia salfa ya unga kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, tangu wazee. Nasikia inaharibu ardhi. Napimaje?

Mpima Maji Kusini

Shikamoo mama. Swali zuri mno, na linafuata utaratibu tofauti na wa petroli.

Salfa ikianguka chini, bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mchanga wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuizuia, kwa hiyo pH inashuka mwaka hadi mwaka. Kwa hesabu ya kemia, kila kilo 1 ya salfa iliyogeuka inahitaji karibu kilo 3 za chokaa ya kilimo kuituliza. Suala hili si geni, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamelifanyia kazi kwa miaka.

Shamba lako ligawe kwanza: chini ya mikorosho, na katikati ya mistari ambako salfa inafika kidogo. Kila upande chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo. Rudia kwa kina cha 20 hadi 50, maana asidi inashuka. Anika kivulini. Kwa pH, sehemu moja ya udongo na mbili na nusu za maji, koroga, acha itulie, soma kwa mita iliyosawazishwa kwa vimiminika vyake vya pH 4 na 7. Chini ya mkorosho ikisoma chini sana kuliko katikati ya mistari, jibu unalo.

Kuchanganya kunafaa hapo kwa sababu unatafuta hali ya wastani ya shamba. Kwenye petroli kuchanganya ni kuharibu: unapokoroga ndoo, kile unachokitafuta kinapaa.

Mama Korosho

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, ndoo isiwe ya mbolea.

Mpima Maji Kusini

Hilo nilisahau kulisema mama, na ni la msingi. Wala koleo lenye kutu.

Naendelea na udongo wa petroli. Kifaa ni oga ya mkono, ile keekee ndefu yenye mpini wa T. Kwa mchanga wa Mtwara unashuka mita tatu nne bila shida mpaka ukute maji, hapo mchanga unaanza kubomoka. Kila nusu mita natoa udongo, naweka nusu ya mfuko wa plastiki wenye zipu, nafunga, nauacha dakika kumi kivulini, kisha natoboa kidogo na kuingiza mdomo wa kipima mvuke. Kifaa hicho kina taa ya urujuanimno ndani, kinasoma jumla ya mvuke wa kemikali. Hakikuambii kama ni benzini au tolueni, kinakuambia tabaka gani lina zaidi. Na unyevu wa pwani yetu unashusha usomaji wake, kwa hiyo linganisha mifuko ya siku moja, usishike namba kama msahafu.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikishuka ikafika usawa wa maji inaelea juu yake kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Masika maji yakipanda inapanda nayo, kiangazi inashuka nayo, na kila inapopita inaacha mpako kwenye mchanga. Kwa hiyo ukanda wa hatari si usoni kwa ardhi. Ni ule unaopandwa na kushukwa na maji, mara nyingi una rangi ya kijivu na harufu. Hapo ndipo natoa gramu 5 za udongo kwa bomba dogo kama la sindano lililokatwa mdomo, natumbukiza moja kwa moja kwenye kichupa chenye methanoli. Kinachoyeyuka humo hakitoroki.

Chuma cha Ruangwa

Mkuu na sisi wa machimbo? Zebaki inamwagika kwenye makaro ya kuoshea dhahabu, maji ya mto yakapimwa yakaonekana hayana kitu.

Mpima Maji Kusini

Zebaki ni nzito na inang'ang'ania tope. Pima tope la chini ya maji, lile laini la kwenye kona mto unapopunguza kasi, kuanzia juu ya machimbo, kisha chini yake, kisha mbali zaidi. Pasipo sampuli ya juu huna cha kulinganisha. Chukua kwanza mbali kwenye usafi, malizia penye uchafu, usibebe uchafu kwenye mikono na vifaa. Na yule anayechoma mchanganyiko wa dhahabu jikoni kwake anavuta mvuke, huyo kazi yake haihitaji mto kumdhuru.

Fundi Mitambo Ndanda

Nimesoma kote. Mimi nachimba visima. Kwa nini usiseme tu achimbe kirefu cha mita 60 aachane na hayo maji ya juu?

Mpima Maji Kusini

Kwa sababu ukitoboa katikati ya petroli bila kuziba, umeipa njia ya kwenda kwenye hayo maji ya mita 60. Pia ukanda wa pwani ukienda kina unaikuta bahari. Kanuni ya zamani ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake kabla ya chumvi. Kama maji yako yamesimama nusu mita tu juu ya bahari, ukifika 20 unaanza kuonja chumvi.

Kisima cha uangalizi kinatofautiana na cha kuchota, na hili nakuomba ulishike kwa sababu tenda zinakuja. Sehemu yenye matundu haiwekwi chini kabisa. Inavuka usawa wa maji, juu na chini, ikiacha nafasi ya kupanda na kushuka kwa msimu, ili mafuta yanayoelea yaingie. Mabomba ya PVC yanaunganishwa kwa nyuzi za kukaza. Gundi hapana, ina viyeyushi vyake ambavyo vitatokea kwenye majibu ya maabara. Mchanga wa kuchuja kuzunguka matundu na kuzidi kidogo juu yake, kisha bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kuziba, kisha saruji, kisha kifuniko chenye kufuli. Na kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi iko hapa hapa Mtwara.

Fundi Mitambo Ndanda

Sawa kwa gundi, sikulijua hilo. Ila kwenye kuchukua sampuli tulifundishwa kutoa ujazo wa maji yaliyo kwenye bomba mara tatu kwanza.

Mpima Maji Kusini

Inakubalika bado. Bomba la inchi 2 lenye mita 4 za maji lina lita 8 na kitu, kwa hiyo unatoa kama 25 ndipo uchukue. Mimi napendelea kuvuta taratibu: lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, maji yasishuke zaidi ya sentimita 10. Unasoma kila dakika tatu hadi tano, na hugusi kichupa mpaka mara tatu mfululizo pH isipishane zaidi ya 0.1, upitishaji umeme asilimia 3, oksijeni na uchafu wa tope asilimia 10. Yakitulia, ndiyo maji ya ardhi yenyewe, si yale yaliyolala kwenye bomba. Ukitumbukiza kidumu cha kamba na kukivuta puu puu, unatibua tope, na kwa vipimo vya metali hilo tope linapandisha namba zote.

Kisima cha wazi cha kuchota ni shahidi dhaifu zaidi, maana juu yake hewa inapita. Kikionyesha benzini, amini. Kisipoonyesha, endelea kutafuta.

Ng'apa Mjini

Lindi hapa. Sheli hatuna karibu, tuna vyoo. Tulipima nitreti, karatasi inasema 14 na mtu wa afya anasema iko juu ya kiwango, wakati WHO ni 50. Nani muongo?

Mpima Maji Kusini

Angalia kipimo kimeandikwaje. Maabara nyingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitreti peke yake. Zidisha kwa 4.43. Kama yenu ni hiyo, 14 inakuwa 62, imevuka. Mtu wa afya yuko sahihi, na watoto wachanga wasikorogewe maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha hapa kunazidisha, maji yanapungua nitreti inabaki. Ombeni pia kipimo cha vijidudu, chupa yake imetakaswa, ifike maabara siku hiyo hiyo ikiwa kwenye barafu.

Kaskazi2

Tuseme ukweli sasa. Gesi asilia inayochimbwa Mnazi Bay haihusiki na haya yote? Watu Msimbati wanasema mengi.

Mpima Maji Kusini

Sina kipimo cha kusema inahusika, na sitasema. Nachoweza kusema ni hiki: gesi hiyo sehemu kubwa ni methani, haina rangi wala harufu, na methani hutokea yenyewe pia kwenye matope ya mikoko. Kuzitofautisha kunahitaji maabara ya isotopu. Kinachosaidia kuliko vyote ni kuwa na sampuli za kabla. Wenzetu wa Likong'o kule Lindi, ambako mtambo wa LNG, yaani wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, unapangwa, wakati wao wa kudai visima vyao vipimwe, vya kiangazi na vya masika, nakala ibaki ofisi ya kijiji, ni kabla ya katapila la kwanza. Baada ya hapo kila namba itabishaniwa.

Mwana wa Ufukoni

Wakuu nimerudi. Tumepima leo, fundi na vijana wawili. Usawa wa maji kwa kizingiti cha msikiti kuwa 10.00: gereji ya zamani 6.40, kwangu 6.10, upande wa sheli 6.00. Kutoka gereji hadi kwangu ni kama mita 100.

Kaskazi2

Kwisha habari. Maji yanatoka gereji yanakwenda sheli. Jamaa wa sheli ameshinda, mkamuombe radhi.

Mzee wa Mikindani

Vijana mna haraka. Mmepima bahari ikiwa wapi? Visima vyetu vya matumbawe huku Mikindani tangu utoto wetu vinapanda na kushuka na bahari. Leo ni bamvua, bahari inajaa na kupwa sana. Mlipopima maji yalikuwa yamekupwa.

Mpima Maji Kusini

Shikamoo mzee. Nilikuwa naandika jambo hilo hilo, umeniwahi.

Mwana wa Ufukoni, rudia kipimo bahari ikiwa imejaa. Kwenye kisima mjazo huchelewa kuliko ufukweni, kwa hiyo soma saa ya kujaa, kisha saa moja baadaye, kisha mbili.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Na wapime tena maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo.

Mwana wa Ufukoni

Nimesoma usiku kwa tochi, nimeiwasha mbali na ukingo. Saa moja baada ya kujaa: gereji 6.40 haijatikisika, kwangu 6.11, upande wa sheli 6.13!!

Kaskazi2

Duh. Kumbe yanageuka.

Mpima Maji Kusini

Yanageuka kati ya kwako na sheli, kwa saa chache. Kutoka gereji hayageuki.

Tufanye hesabu. Gereji hadi kwako usawa unashuka sentimita 30 kwa mita 100, mteremko 0.003. Kwa mchanga wa kati chukulia upitishaji wa mita 10 kwa siku na nafasi kati ya chembe za mchanga robo ya ujazo: 10 mara 0.003 gawa kwa 0.25, inakuja mita 0.12 kwa siku, kama mita 44 kwa mwaka. Benzini inakwenda polepole kuliko maji na njiani bakteria wanaila, lakini gereji ya miaka ya tisini imekuwa na muda wa kutosha. Upande wa sheli tofauti inabadilika kutoka sentimita 10 za kwenda hadi 2 za kurudi. Kwa wastani maji yanatoka kwako. Hata hivyo petroli mpya inayoelea ikiwa nyingi inajitandaza kila upande, haingoji ruhusa ya maji. Kwa hiyo sheli haijasafishwa, imepungukiwa ushahidi tu. Wataalamu kwenye pwani husoma kila saa kwa saa 71 mfululizo ndipo watoe wastani. Wewe soma tena maji mafu kama mzee alivyosema, inatosha kwa kuanzia.

Harufu kuanza baada ya masika haithibitishi kwamba uvujaji ni wa mwaka huu. Maji yalipopanda yaligusa mpako wa zamani.

Sasa cha kuwatenganisha. Petroli yenye risasi, ile metali iliyokuwa ikiongezwa humo, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa 2006. Gereji ilifungwa kabla ya hapo, sheli bila shaka inauza ya leo. Tukichimba mashimo ya oga matatu upande wa gereji na matatu upande wa sheli, tukapata mafuta yenyewe au ule mchanga wa kijivu, maabara itafute risasi humo pamoja na uwiano wa benzini kwa wenzake. Petroli ya zamani benzini yake huwa imeoshwa sana, mpya bado inayo. Risasi ikiwemo, habari inaelekea gereji. Isipokuwemo na benzini iko juu, nenda ofisi ya bonde, NEMC wa mazingira na EWURA wa nishati na maji ukiwa na jedwali lako la usawa wa maji. Wao wana mamlaka ya kudai daftari la dipu la kila siku la sheli, yaani vipimo vya mafuta yaliyomo tankini, ambalo wewe huwezi kuonyeshwa.

Mwana wa Ufukoni

Mashimo nachimba wapi hasa? Uwanja wa gereji sasa una mwenyewe.

Mpima Maji Kusini

Muombe kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa asaini. Mwenye sheli naye mualike ashuhudie na achukue nusu ya kila sampuli akapime kwake, itampunguzia cha kubishia. Shimo la kwanza chimba mbali na vyote viwili tupate mchanga safi wa kulinganishia. Chora mahali nyaya na mabomba yanapopita. Kila kichupa kiandikwe namba, kina, tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika, na fomu ya makabidhiano isainiwe na kila anayelishika deli, kondakta akiwemo. Humo ndani tunaweka na kichupa cha maji safi kutoka maabara ambacho hakifunguliwi safari nzima. Kikirudi na benzini, tutajua imeingilia njiani.

Oga ninayo. Barafu usinunue ya samaki, nunua ya maji ya kunywa, na uifunge kwenye mifuko.